Geji iliyomtia dereva wangu matatani

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nilisimamishwa na jirani yangu mmoja wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, akiwa na malalamiko juu ya gari lake. Geji yake ya mafuta inaonyesha nusu tangi asubuhi, mchana na jioni, awe amejaza au hajajaza. Alikuwa njiani kwenda kununua geji mpya. Nikamwomba asiinunue kwanza. Nikamsimulia kisa ambacho kwa miaka mingi sikupenda kukisimulia, kwa sababu mkosaji katika kisa hicho ni mimi.

Mwaka 1996, mwaka ule Bunge lilipohamia katika mji huu, nilikuwa nimekabidhiwa usimamizi wa magari ya ofisi moja hapa Dodoma. Ofisi yenyewe sitaitaja. Tulikuwa na magari manne na madereva wanne. Miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja mtulivu, mwenyeji wa upande wa Mpwapwa, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita Afisa.

Siku moja Mzee alitumwa Kondoa na gari la petroli lenye tangi la lita 90. Aliondoka tangi likiwa limejaa. Kutoka hapa hadi Kondoa ni kilomita 160 hivi, na wakati ule lami ilikuwa bado ndoto. Barabara ile ya kupitia Mayamaya mpaka Babati ilikamilika kwa lami mwaka 2018. Mwaka 1996 ilikuwa changarawe na vumbi, na mikunjo iliyotikisa gari mpaka ukahisi meno yanalegea. Alizunguka kidogo kule Kondoa, akarudi. Daftari la safari lilionyesha kilomita 350. Kwa hesabu yetu ya kilomita saba kwa lita moja, alipaswa kutumia lita 50 na kurudi na lita 40. Nilifungua mlango, nikawasha swichi, nikatazama. Mshale ulikuwa chini ya robo. Kwa haraka haraka nikasema humu ndani hamzidi lita 20.

Zimepungua lita 20. Sasa, kila mtu aliyewahi kusimamia magari anajua kwamba lita 20 ni dumu moja kamili. Na kila mtu anajua dumu moja la petroli katika miaka ile lilikuwa na wateja wangapi njiani. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilimwita Mzee, nikamwonyesha mshale kwa kidole. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema, "Afisa, mafuta sijauza. Kama unaona yamepungua, basi tuyapime." Nikamjibu kwamba yamekwisha kupimwa na geji. Jioni ile ile nikaandika barua ya kumtaka ajieleze, na juma lililofuata akasimamishwa kazi kusubiri uamuzi. Gari likaegeshwa.

Siku tisa baadaye gari lilihitajika kwa safari ya Mpwapwa. Nikaandika oda ya lita 70, ili lijae kutoka pale nilipoamini lilipo, nikampa dereva mwingine. Alirudi na risiti ya lita 50. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakujaza. Akasema alijaza mpaka mafuta yakamwagika chini na mhudumu wa pampu akaanza kumgombeza. Nilichukua penseli. Tangi la lita 90 limepokea lita 50 likajaa. Maana yake ndani zilikuwemo 40, zile zile ambazo Mzee alipaswa kurudi nazo. Nilikwenda tena kwenye gari nikawasha swichi. Tangi limejaa hata linanuka, na mshale umesimama kwenye robo tatu.

Hapo ndipo nilipompeleka kwa fundi mmoja wa umeme wa magari kule Chang'ombe, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini. Hakugusa dashibodi. Aliingia uvunguni, akaomba kipande cha waya kisichofika hata mita mbili, akaugusisha ncha moja kwenye bamba la juu ya tangi na ncha nyingine kwenye chuma safi cha chesisi. Akaniambia niwashe swichi nitazame. Mshale ulianza kupanda taratibu kama mtu anayeamka usingizini, ukapita robo tatu, ukagota kwenye alama ya kujaa. Akautoa waya, mshale ukashuka. Akaurudisha, ukapanda. Alifanya hivyo mara tatu, nadhani kwa makusudi, maana alikuwa amekwisha kusikia habari za Mzee.

Naam, ndugu zangu, kwa faida ya jirani yangu na wengine wenye magari, nieleze chombo hiki kinavyofanya kazi.

Geji iliyo mbele ya dereva haijapata kuyaona mafuta hata siku moja. Ndani ya tangi kuna boya, la plastiki au la shaba nyeupe, lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda boya hupanda, yakishuka hushuka. Kwenye shina la mkono huo kuna ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu ya njia ya umeme, na mahali ulimi uliposimama ndipo panapoamua umeme upate ugumu kiasi gani wa kupita. Ugumu huo huitwa ukinzani, na kizio chake ni omu. Katika magari mengi ya Kijapani tuliyoyazoea, tangi likiwa limejaa ukinzani huwa omu 3 tu hivi, na likiwa tupu huwa omu 110. Umeme ukipita kwa urahisi mshale hupanda, ukipita kwa shida mshale hushuka. Kwa hiyo geji inapima umeme. Chochote kinachoongeza shida njiani, hata kama hakihusiani na mafuta, geji itakitafsiri kuwa mafuta yamepungua.

Gari la Mzee lilikuwa na shida ya namna hiyo hasa. Umeme ukishapita kwenye kifaa cha boya unatakiwa kurudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari, na waya unaourudisha ndio mafundi huuita ethi. Waya huo ulifungwa kwa skrubu moja kwenye chesisi, na chini ya skrubu ile palikuwa na kutu na udongo mkavu. Watu wa huku kwetu hudhani kutu ni ugonjwa wa Tanga na Dar es Salaam tu. Lakini wakati wa kifuku, mvua zetu za Desemba hadi Aprili, tope hurukia juu ya tangi, likaganda pale na kushika unyevu kwa majuma mengi wakati barabarani kumekwisha kukauka. Kutu ikaanza kidogo kidogo. Mshale wetu ulikuwa umeacha kufika juu kabisa tangu miezi kadhaa nyuma, nasi tukazoea, tukasema ndivyo gari hili lilivyo. Mitikisiko ya barabara ya Kondoa ikamalizia kwa kuilegeza skrubu. Fundi aliifungua, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akafunga upya na kupaka grisi juu yake kuzuia maji. Kazi nzima haikuchukua nusu saa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutoanzia kwenye dashibodi. Mtu akiona mshale unadanganya anaulaumu mshale, kwa kuwa ndio anaouona. Wengine huupiga dashibodi makofi. Kwa uzoefu wangu, chanzo huwa mara nyingi zaidi nyuma, kwenye tangi na nyaya zake.

Anza kwa kutazama geji nyingine. Kama ya mafuta na ya joto la maji zote zimekufa kwa pamoja, tafuta fyuzi kabla ya jambo jingine lolote. Magari ya zamani ya Kiingereza, ambayo baadhi yenu bado mnayatunza kwa mapenzi, yana kidude nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme wa betri uwe sawa na volti 10 muda wote, ili geji zisibabaike injini inapoongeza na kupunguza mwendo. Kidude hicho kikikosa ethi, geji zote mbili hupanda kupita kiasi. Utaona gari lina mafuta mengi na wakati huo huo maji yanataka kuchemka, kumbe si kweli yote mawili. Ukiona geji mbili zinadanganya kwa mtindo mmoja, usiguse tangi.

Kama ni ya mafuta peke yake, ufuate waya unaotoka kwenye tangi. Uchomoe kwenye soketi yake, uwashe swichi, na mtu mmoja atazame mbele. Katika magari ya aina niliyotaja, waya ukining'inia mshale unatakiwa kulala kwenye alama ya tupu. Kisha ugusishe ncha ya waya huo kwenye chuma cha gari, ukipitishia kwenye balbu ndogo kama ile ya taa za dashibodi. Balbu hiyo ni kinga, maana kuugusisha moja kwa moja kwa muda mrefu kunaweza kuiunguza geji. Mshale unatakiwa kupanda kuelekea kujaa. Ukilala na kupanda hivyo, geji ni nzima na nyaya ni nzima, na mwenye duka la vipuri hana haki ya kukuuzia geji. Ugonjwa uko kwenye kifaa cha boya au kwenye ethi yake. Ukikataa kusogea, ndipo unapoanza kuufuatilia waya hatua kwa hatua kuelekea mbele.

Niseme pia kwamba yako magari, hasa ya Kimarekani, ambayo kwao mambo ni kinyume, ukinzani mdogo ndio tupu na mkubwa ndio kujaa. Uliza au soma kitabu cha gari kabla ya kutoa hukumu.

Kutokana na jaribio hilo utaelewa dalili nyingine mbili ambazo watu huniuliza sana. Mshale unaolala kwenye tupu siku zote ni waya uliokatika mahali. Mshale unaoonyesha kujaa siku zote ni waya uliochubuka ukawa unagusa bodi kabla haujafika kwenye tangi. Hapa Dodoma mchubuaji mkuu ni panya. Gari likikaa uani juma zima karibu na ghala la mtama au mahindi, panya huhamia humo, na wanakipenda kile kifuniko laini cha waya kuliko tunavyodhani. Hali hii ya pili ndiyo ya hatari, kwa kuwa haimnyimi dereva raha. Anaondoka hapa kwenda Iringa, karibu kilomita 260, akiamini amejaza, na gari linamkatikia katikati ya Mtera na mlima wa Nyang'oro saa moja ya usiku akiwa na watoto.

Sasa tuingie ndani ya tangi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukitoka haupai, bali hushuka na kutulia chini, kwenye shimo la gereji au sakafuni mwa banda, ukingoja cheche. Tangi ambalo watu huliita tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mna mvuke na hewa, na hivyo viwili vikichanganyika vinahitaji cheche moja tu. Kwa hiyo kifaa cha boya hakifunguliwi ndani ya nyumba. Hakifunguliwi karibu na jiko la mama ntilie, wala mbele ya fundi mwenye sigara, wala karibu na anayechomelea geti. Betri inafunguliwa kwanza. Katika magari ya siku hizi, ambayo pampu imo ndani ya tangi, mipira ya mafuta huwa na msukumo hata injini ikiwa imezimwa, na asiyejua namna ya kuupunguza atarukiwa usoni. Kama huna uhakika, mwachie fundi. Kazi yako iwe kusimama mbali na kuuliza maswali.

Na kabla ya kufungua, safisha. Kwenye magari mengi madogo utakikuta kifuniko chini ya kiti cha nyuma, na juu yake vumbi letu jekundu limelala kama unga. Ukifungua bila kulifuta, lote linaingia kwenye mafuta, na baada ya majuma mawili utarudi kulalamika juu ya pampu.

Kifaa kikishatoka, litikise boya sikioni. Ukisikia maji maji yakicheza ndani, limetoboka na limekunywa mafuta, haliwezi kuelea tena. Wagogo husema idodomya, yaani imezama, na wapo wanaosema jina la mji wetu lilitoka hapo, kwa habari ya tembo aliyezama matopeni. Basi boya lako nalo limedodoma. Geji itaonyesha tupu hata tangi likiwa limejaa pomoni. Boya la plastiki ununue jingine. La shaba mafundi wa zamani walikuwa wakilitia lehemu. Kwanza hulizamisha kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa na kupelekwa mbali na jiko, viputo vikatokea na kuonyesha tundu lilipo. Lakini hakuna moto wala chuma cha lehemu kinachosogezwa mpaka tone la mwisho la petroli limetoka ndani na mvuke wake umekwisha. Mimi binafsi ningenunua jipya.

Kama boya ni zima, chukua mita ya umeme ya mkononi, uiweke kwenye omu, ushike ncha zake kwenye kifaa na kuuinua mkono wa boya polepole kwa kidole. Tarakimu zinatakiwa kubadilika taratibu bila kurukaruka. Zikipotea ghafla mahali fulani na kurudi, njia imelika pale pale. Angalieni vizuri mahali inapolika. Sisi watu wa mjini tuna tabia ya kuweka mafuta ya shilingi elfu kumi leo na ya elfu kumi kesho kutwa. Kwa mtindo huo boya halipandi juu kamwe. Linacheza mwaka mzima katika robo ya chini, na ulimi wake unasugua sehemu ile ile moja. Matokeo yake ni kwamba kifaa kinaharibika mahali tunapokihitaji zaidi, karibu na tupu. Aidha, pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayoizunguka, na yakiwa kidogo kila siku huishi kwa joto. Silaumu mtu kwa kukosa fedha ya kujaza tangi. Nasema tu kwamba mtindo huo una gharama yake, na inalipwa gereji.

Wakati mwingine njia haijalika bali imekuwa nyeusi. Mafuta yenye salfa ya aina mbaya huyashambulia madini ya fedha yanayotumika kwenye baadhi ya vifaa hivi. Hili si jambo la nchi maskini tu. Mwaka 2004 huko Marekani, kwenye majimbo ya Florida na Louisiana na jirani zake, petroli yenye salfa kupita kiasi ilitoka kwenye kiwanda kimoja cha kusafishia mafuta ikaharibu geji za magari mengi, vituo vya mafuta vikalazimika kusitisha mauzo na madai ya wenye magari yakalipwa. Weusi mwepesi huweza kufutika kwa kitambaa na kisafishio cha umeme. Usitumie msasa mkali hapo, maana njia yenyewe ni nyembamba kama ukucha.

Kuna dawa moja ya kienyeji ambayo naipinga wazi wazi, nayo ni kuukunja mkono wa boya. Mteja analalamika kwamba mshale haufiki juu, fundi anaupinda mkono, mshale unafika juu, mteja analipa na kushukuru. Kumbe sasa hata mafuta yakiisha mshale unabaki juu ya alama ya tupu, kwa sababu kosa limehamishwa kutoka juu kwenda chini. Laiti mtu angelifanya hivyo kwenye gari letu la ofisi badala ya kuisafisha ethi, tungeliacha kuwashuku madereva na kuanza kuwaokota njiani.

Wenye magari ya kuvuta magurudumu yote manne nawaongezea neno. Mengi ya magari hayo yana tangi lenye umbo la tandiko la punda, lililopandishwa katikati ili shafti ya nyuma ipite. Pande zake mbili zina vifaa viwili vya boya, na geji hujumlisha. Kimoja kikifa, gari linaweza kuishia kuonyesha nusu wakati limejaa. Kabla hujaagiza kifaa, hakikisha kama gari lako lina kimoja au viwili.

Baada ya matengenezo yoyote, pima. Tangi likiwa karibu na tupu, tia lita tano, simamisha gari mahali tambarare, subiri kidogo, andika mshale uliposimama. Tia nyingine tano, andika tena, mpaka lijae. Mshale wa baadhi ya magari hupanda polepole kwa makusudi, ili usichezecheze mafuta yanapoyumba. Yapo pia magari ya kompyuta ambayo hayatambui mafuta yaliyoongezwa injini ikiwa inaunguruma, kwa hiyo zima swichi kabisa. Utagundua kwamba nusu ya geji si lazima iwe nusu ya tangi, kwa kuwa matangi mengi hayana umbo la boksi. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari. Na usisome geji ukiwa unapanda mlima wa Saranda, maana pale mafuta yote yamekimbilia nyuma.

Kwa wenzangu mnaosimamia magari ya ofisi, ambao mmeongezeka sana hapa mjini tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, matumizi ya mafuta hayapimwi kwa mshale. Jaza mpaka juu, andika kilomita. Gari lifanye kazi. Jaza tena mpaka juu, ikiwezekana kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama vile vile. Lita ulizoongeza ndizo zilizotumika, na zigawe kwa kilomita. Ufanye hivyo mara tatu nne kabla ya kumtazama mtu kwa jicho baya. Mwizi wa mafuta yupo, sikatai, na njia hii itamkamata vizuri kuliko geji.

Jirani yangu tulilitazama gari lake Jumamosi. Waya ulipochomolewa mshale ulilala, ulipogusishwa chuma ulipanda, kwa hiyo geji nzima. Tulipochungulia uvunguni tukaona tangi lina bonde la ukubwa wa sahani, na kwenye rangi yake alama ya jiwe. Alikumbuka, aliligonga mwezi mmoja nyuma alipokwenda msibani vijijini. Tangi lilibonyea ndani likaubana mkono wa boya, na boya likabaki pale lilipokuwa siku ile, kwenye nusu. Tangi linashushwa juma hili kwa fundi anayejua kuliosha na kuliondoa mvuke kabla ya kulinyoosha.

Kuhusu Mzee, alirudishwa kazini baada ya siku kumi na moja. Niliandika barua ya pili kueleza kilichotokea, nikaambatanisha risiti ya lita 50. Niliomba barua ya kwanza iondolewe, nikaelezwa na masijala kwamba karatasi ikishapewa namba jaladani haiondolewi. Kwa hiyo zote mbili zilibaki humo mpaka alipostaafu. Nilimwomba radhi nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, na hakulizungumzia tena. Ila kwa miaka mingi, kila tulipokutana sokoni Majengo, alinisalimu kwa adabu zote, kisha akauliza, "Na geji, Afisa, inasemaje?"

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya betri, na kwa nini hufa zaidi wakati wa baridi ya Juni na Julai.